Mzee Stagg: Mwalimu wa Mpira Aliyeanza Upya Akiwa na Miaka 70



Katika ukurasa huu tumezoea kuwaletea habari za maisha ya wachungaji, wamisionari na mashahidi wa imani. Safari hii tunawaletea mtu aliyetaka kuwa mchungaji akashindwa. Jina lake ni Amos Alonzo Stagg, Mmarekani, mwalimu wa mpira wa vyuo na msimamizi wa michezo. Alizaliwa mwaka 1862, akafariki mwaka 1965. Huko kwao jina lake linajulikana sana. Huku kwetu pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado pengine wengi hawajapata kulisikia.

Tumemchagua yeye kwa sababu ya maneno mawili tunayoyasikia hapa makazini karibu kila siku. La kwanza ni ubishi wa wazazi kuhusu vijana na mpira. Wengine wanasema uwanja wa mchanga unawaokoa watoto wasikae vijiweni na kudanganywa na watu wabaya. Wengine wanasema uwanja huo huo unawatoa kanisani. La pili ni neno la wazee wetu, watu waliokuwa walimu, mafundi na wavuvi huko Mocímboa da Praia, Palma na Quionga kabla ya vita vilivyoanza Oktoba 2017. Wanasema umri umekwenda, na aliyepoteza kazi ya maisha yake uzeeni hana tena pa kuanzia. Mzee Stagg aliyapitia yote mawili, kwa namna yake.

Kwanza tuelewane juu ya mpira wenyewe. Mpira aliofundisha Stagg si huu wetu wa miguu. Ni mpira wa Kimarekani, wenye umbo kama yai, ambao mchezaji huukumbatia akakimbia nao huku wapinzani wakimrukia na kumwangusha chini. Kila upande una wachezaji 11. Kupiga teke kupo, lakini si kazi ya kila mtu. Ni mchezo wa nguvu na wa maumivu, na kule Marekani vyuo vikuu huucheza mbele ya maelfu ya watu.

Stagg alizaliwa tarehe 16 Agosti 1862 katika mji wa West Orange, jimbo la New Jersey. Baba yake alikuwa fundi viatu, na nyumba ilikuwa na watoto wengi na fedha kidogo. Familia ilikuwa ya Wapresbiteri, watu wa kanisa hasa, na kijana Amos aliweka moyoni kwamba atakuwa mhubiri wa Injili. Kwa nia hiyo alijitahidi mpaka akaingia Chuo Kikuu cha Yale. Huko alipanga chumba cha darini kisichokuwa na moto wakati wa baridi kali, akawa anakula kidogo mno ili fedha zake zitoshe, hata akaugua kwa njaa. Akina mama wanaowapeleka watoto shule bila uji wa asubuhi wanajua tunazungumzia nini.

Lakini alikuwa na mkono wa ajabu. Katika mchezo wa besiboli, ambao mmoja hurusha mpira na mwingine huupiga kwa gongo, Stagg alikuwa mrushaji bora wa Yale, na timu yake ikatwaa ubingwa mwaka baada ya mwaka. Klabu za kulipwa zikamfuata. Klabu ya New York ilikuwa tayari kumpa zaidi ya dola 4,000 kwa msimu, fedha ambazo baba yake hakuwahi kuziona kwa kushona viatu. Alikataa. Viwanja vya kulipwa vya siku zile vilikuwa vimejaa pombe na kamari, naye alikuwa bado anajiandaa kwa utumishi wa Mungu. Sisi tunaoandika tumejiuliza kama tungekataa. Hatukupata jibu la haraka.

Alipomaliza masomo ya kwanza mwaka 1888 alibaki hapo hapo Yale kusomea theolojia. Mwaka 1889 alichaguliwa katika timu ya kwanza kabisa ya wachezaji bora wa mpira wa Kimarekani wa nchi nzima. Ndipo lilipotokea jambo lililogeuza maisha yake. Kila aliposimama mbele ya watu kuhubiri, maneno yalimgomea. Hakuwa na ulimi wa mimbari. Akajipima kwa haki, akaona kwamba wito anao ila sauti hana, akaiacha shule ya theolojia. Hakuuacha utumishi. Mwaka 1890 alikwenda katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, kwenye chuo cha chama cha vijana wa Kikristo, YMCA, kilichofundisha walimu wa michezo wa kuwalea vijana katika imani.

Mwalimu mwenzake pale alikuwa James Naismith, yule aliyebuni mpira wa kikapu mwezi Desemba 1891. Mchezo huo ulipochezwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza, tarehe 11 Machi 1892, wanafunzi waliwafunga walimu 5 kwa 1. Bao hilo moja la walimu lilifungwa na Stagg. Kwa hiyo kila mnapowaona mabinti wetu wakirusha mpira kwenye kikapu, jueni kwamba mchezo huo ulizaliwa katika nyumba ya Kikristo.

Wakati huo William Rainey Harper, aliyekuwa amemfundisha Stagg habari za Biblia kule Yale, alipewa kazi ya kuanzisha Chuo Kikuu cha Chicago. Akamtaka Stagg awe msimamizi wa michezo yote ya chuo. Inasemekana Harper alitaja mshahara, Stagg akanyamaza akiwaza. Harper akapandisha, Stagg akazidi kunyamaza. Mwishowe Harper akafika dola 2,500 na cheo cha profesa. Huyu aliyeshindwa kusema mimbarini alipata zaidi kwa kutosema. Cheo hicho kilikuwa kitu kipya: kabla yake mwalimu wa timu alikuwa kibarua wa msimu, leo yupo, kesho hayupo. Stagg aliingia akiwa na haki sawa na walimu wa hesabu na historia.

Chuo kilifungua milango Oktoba 1892. Wanafunzi waliojitokeza kucheza walikuwa wachache hata mwalimu mwenyewe, mwenye miaka 30, akavaa jezi akaingia uwanjani nao. Mwaka 1894 alimwoa Stella Robertson, mwanafunzi wa chuo hicho hicho. Bibi Stella hakuwa mke wa kukaa nyumbani na kusubiri matokeo. Alikwenda kutazama timu za wapinzani, akachora kwenye karatasi jinsi wanavyojipanga, akamletea mumewe. Kazi hiyo aliifanya miaka mingi, mpaka uzeeni. Tunalisema hili kwa sababu katika vitabu vingi jina lake limewekwa pembeni, nasi tunaona si haki.

Stagg aliifundisha timu ya Chicago misimu 41, akatwaa ubingwa wa umoja wa vyuo vikubwa vya eneo lile mara saba. Ushindi uliozungumzwa zaidi ni wa tarehe 30 Novemba 1905, alipowafunga Michigan 2 kwa 0. Michigan walikuwa hawajafungwa katika mechi 56. Mbali na mpira alisimamia riadha, besiboli na kuogelea, akawa mjumbe wa kamati ya Olimpiki ya Marekani kuanzia 1906 hadi 1932, na mwaka 1924 alikuwa miongoni mwa walimu wa wakimbiaji wa Marekani kule Paris. Mambo mengi ya mchezo wao yanahesabiwa kuwa ametoka nayo yeye au ameyaeneza: namba kwenye jezi, wachezaji kukusanyika kwa duara kupanga shauri, magunia ya kufanyia mazoezi ya kuangusha. Hatutayataja yote.

Mwaka ule ule wa 1905 mchezo wenyewe ulikaribia kupigwa marufuku. Wachezaji walikuwa wakifa. Gazeti la Chicago Tribune lilihesabu vifo 18 katika msimu mmoja, wengi wao vijana wa shule. Rais Theodore Roosevelt aliwaita wakubwa wa vyuo Ikulu. Stagg alikuwa katika kamati ya sheria za mchezo, na mwaka 1906 kamati ikaruhusu mpira kurushwa mbele kwa mkono, ili wachezaji watawanyike na wasirundikane kugongana vichwa. Vifo havikwisha kwa siku moja, lakini mchezo ulibadilika na ukabaki.

Je, alikuwaje na vijana wake? Hakunywa pombe, hakuvuta tumbaku, na hakutukana. Kwa mwalimu wa mpira hilo la tatu ndilo gumu. Hasira zikimpanda alimwita mchezaji punda. Zikizidi, alimwita punda mara mbili. Wachezaji wakongwe walikuwa wakitaniana kwamba mtu hajawa mchezaji wa Chicago mpaka apate upunda wake.

Lakini kama mngetuuliza ni siku gani moja inayomwonyesha Stagg alivyo, tungechagua siku aliyofungwa. Ilikuwa tarehe 28 Oktoba 1922. Timu ya Princeton ilikuja Chicago kutoka mashariki, na mchezo ukatangazwa kwa redio hadi miji ya mbali, jambo lililokuwa geni wakati huo. Chicago waliongoza 18 kwa 7. Katika robo ya mwisho Princeton wakarudi, wakawa mbele 21 kwa 18. Dakika zikawa zinakwisha. Chicago wakausogeza mpira mpaka hatua chache kutoka mstari wa goli, wakawa wanagonga katikati tu, na Princeton wote wamejazana katikati kama ukuta. Kila mtu pembeni aliona dawa yake: mpira urushwe pembeni. Msaidizi wa Stagg, Fritz Crisler, akamsihi aingize mchezaji wa akiba apeleke neno hilo. Stagg akakataa. Kamati ya sheria, ambayo yeye mwenyewe alikuwa mjumbe, ilikuwa imesema si vizuri kutumia mchezaji wa akiba kupeleka maagizo ya mwalimu. Vijana wacheze kwa akili zao. Refa asingemwadhibu. Walimu wengine walikuwa wakifanya hivyo. Vijana wakagonga katikati tena, wakazuiwa kwenye mstari wenyewe, mchezo ukaisha.

Hapa wajumbe wetu wa jarida walibishana. Mmoja alisema huo ni ukaidi, kwa kuwa kijana anayezama hupewa kamba, hasomewi sheria. Wengine tulisema kwamba mtu aliyesaidia kutunga sheria akaivunja siku inapomuuma, vijana watajifunza kwamba sheria ni za watu wengine. Ubishi haukuisha.

Wala tusimfanye Stagg malaika. Idara yake ilijiendesha kwa viingilio vyake, na fedha zilivyoongezeka ndivyo viti vya uwanja vilivyozidi kupanda juu, mpaka watu wakaanza kuuliza kama chuo kina timu au timu ina chuo. Mashindano ya shule za sekondari aliyoyaandaa Chicago yalikuwa kwa faida ya vijana wa nchi nzima, ndiyo, lakini yalikuwa pia wavu mzuri wa kuwanasia wachezaji wapya. Mwaka 1923 aliandika barua ya wazi kuulaumu mpira wa kulipwa unaochezwa Jumapili. Aliamini kwa dhati. Hata hivyo, tukisoma sasa tunaona kwamba fedha alizozikemea kwa majirani zilikuwa zimeshaingia uani kwake. Na kuhusu Jumapili, wazee wa kanisa letu wanaachia mpira baada ya ibada ya mchana, na sisi tunakubaliana nao kuliko tunavyokubaliana na Stagg.

Baada ya ubingwa wa mwaka 1924 timu ilianza kudhoofika. Mwaka 1929 chuo kilipata mkuu mpya, Robert Hutchins, kijana wa miaka 30, mtu wa vitabu asiyeona haja ya mpira. Kulikuwa na kanuni ya kustaafu, na Stagg alitimiza miaka 70 mwezi Agosti 1932. Akaambiwa msimu huo ni wa mwisho. Chuo hakikumtupa nje bila kitu. Alipewa nafasi ya ushauri yenye heshima na mshahara, ofisi ya kukaa na kuitwa mzee wetu. Uwanja ulikuwa tayari unaitwa kwa jina lake, Stagg Field. Kilichotakiwa kwake ni kukaa kimya na kupokea.

Alikataa. Alisema, kwa maana yake, kwamba mshahara usio na kazi si riziki yake, na kwamba bado ana nguvu za kufundisha. Akafunga mizigo, yeye na Bibi Stella, wakasafiri karibu kilomita 3,000 hadi Stockton, California, kwenye chuo kidogo cha Wamethodisti kilichoitwa College of the Pacific. Miaka 41 ya kazi ilibaki nyuma.

Tuwe waangalifu hapa. Stagg hakuchomewa nyumba. Hakulala porini na watoto, hakupoteza ndugu njiani, na alikopelekwa na treni alikuta kazi inamsubiri. Hatuwezi kumlinganisha na mama aliyetembea kutoka Palma mwezi Machi 2021 akiwa na mtoto mgongoni. Lakini kuna sehemu moja inayofanana, nayo ni ile ya kuambiwa na watu wenye nia njema kwamba sasa wewe ni wa kuhudumiwa tu. Tumewasikia wazee wetu wakisema kwamba foleni ya chakula inauma kuliko njaa. Aliyekuwa na mashua na wabaharia wake, au machamba na vibarua wake, leo anaitwa kwa namba. Tunadhani Stagg angeielewa kauli hiyo.

Kule Pacific mambo hayakuwa ya sifa. Chuo kilikuwa maskini, wachezaji wachache, na wapinzani wakubwa. Katika misimu 14 alishindwa mechi nyingi kuliko alizoshinda. Aliendelea kuamka, kukimbia uwanjani na vijana, kuchora karatasi zake usiku pamoja na mkewe.

Tarehe 12 Novemba 1938 alirudi Chicago. Timu ya chuo chake kidogo ilikuwa imealikwa kucheza na Chuo Kikuu cha Chicago, ndani ya Stagg Field yenyewe. Mwenye uwanja alirudi akiwa mgeni, na miaka 76. Pacific walishinda 32 kwa 0. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1939, Chicago wakaifuta kabisa timu yao ya mpira. Uwanja ukabaki bila kazi, na chini ya majukwaa yake ya magharibi, tarehe 2 Desemba 1942, wanasayansi wakiongozwa na Enrico Fermi wakawasha kwa mara ya kwanza moto wa nyuklia, njia iliyofika Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945. Mahali ambapo mwalimu hakuruhusu hata tusi.

Wakati huo wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la majini liliwaweka wanafunzi wake kwenye chuo cha Pacific, na kwa mara moja Stagg akapata wachezaji wa kutosha. Mwaka 1943 timu yake ilivishinda vyuo vikubwa, na chama cha walimu wa mpira kikamchagua kuwa mwalimu bora wa mwaka wa nchi nzima. Alikuwa na miaka 81.

Mwaka 1946 Pacific nao wakamwambia imetosha, wakampa nafasi ya ushauri. Akaikataa kama ile ya kwanza. Mwaka 1947 alikwenda Pennsylvania, kwenye chuo cha Walutheri cha Susquehanna, kumsaidia mwanawe Amos mdogo aliyekuwa mwalimu wa timu pale. Mwaka huo alitimiza miaka 85, umri ule ule aliokuwa nao Kalebu alipomwendea Yoshua kudai mlima wake. Baba na mwana walifundisha pamoja misimu sita. Tumependa hasa habari hiyo: mzee aliyekuwa mkuu wa wakuu akikaa pembeni, chini ya mwanawe, bila kununa.

Mwishoni mwa 1952 aliacha kwenda mashariki kwa sababu afya ya Bibi Stella ilikuwa imedhoofika. Hata hivyo, huko huko Stockton kulikuwa na chuo cha vijana wadogo, na kuanzia 1953 Mzee Stagg alikuwa akienda kuwafundisha wapiga mateke wao. Aliendelea hadi alipopita miaka 95. Vijana waliokuja mazoezini walikuta kikongwe amesimama kwenye nyasi, anawaonyesha mguu unavyotakiwa kukaa.

Kwa hesabu zilizokubaliwa muda mrefu alishinda mechi 314, na hakuna mwalimu wa vyuo vikubwa aliyempita mpaka mwaka 1981.

Bibi Stella alifariki mwaka 1964, baada ya karibu miaka 70 ya ndoa. Mzee Stagg alimfuata tarehe 17 Machi 1965, hapo hapo Stockton, akiwa na miaka 102.